Kadi ya Chama Nairudisha Wapi?

MASWALI YA WASOMAJI

Barua za mwezi huu zimetoka Marekani, kwa wasomaji, baadhi yao wakiwa wamekwisha kuvipigia kura vyama vyote viwili, Republican na Democratic, na sasa wamevichoka vyote.

SWALI: Nilikuja Marekani kusoma mwaka 1974, nikapata uraia 1987. Nilijiandikisha Republican kwa sababu Reagan ndiye aliyetia saini sheria iliyompatia mdogo wangu makaratasi. Vita vya Iraq vikanitoa huko, nikahamia Democratic. Sasa na huko sioni kitu. Nina miaka 72 na sitaki tena kuhesabiwa upande wowote. Kwetu Tanga mtu akikichoka chama hurudisha kadi hadharani. Hapa nairudisha wapi, na nikishatoka napoteza nini?
*Mzee wa Louisville, Kentucky*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Kadi ya kurudisha haipo. Chama cha Marekani hakikupi kadi, hakidai ada, wala hakina mwenyekiti wa tawi wa kukufukuza. Uanachama wako ni neno moja tu lililoandikwa kwenye taarifa zako katika daftari la wapiga kura, na daftari lenyewe linatunzwa na karani wa kaunti, yaani serikali. Kulibadili neno hilo ni kazi ya dakika tano. Uliza kwanza neno hilo linafungua mlango gani.

Kentucky ni jimbo la mchujo uliofungwa. Mchujo, ambao nyumbani tunauita kura za maoni, hufanyika mwezi Mei, na kuchagua mgombea wa Republican ni haki ya aliyeandikwa Republican peke yake. Democratic vivyo hivyo. Linaloangaliwa ni daftari lilivyosomeka Desemba 31 ya mwaka uliotangulia. Ukibadili chama Januari 2, mchujo wa Mei umeshakupita, ingawa Novemba utapiga kura kama kila mtu. Asiye na chama mwezi Mei hupewa nafasi zisizo za chama tu, kama za majaji, na pasipokuwa na nafasi hizo hana cha kupigia.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, tafuta matokeo ya chaguzi tatu zilizopita za wabunge wa jimbo katika eneo lako. Kama chama kimoja kilishinda mara zote tatu kwa tofauti ya pointi 15 na zaidi, au mpinzani hakusimama kabisa, ujue mshindi wako hupatikana Mei, na Novemba ni kuidhinisha tu. Mahali kama hapo tunakusihi usijitoe. Jiandikishe katika chama kinachoshinda mtaani kwako, hata kama umekichoka, ukamchague aliye bora kati ya wanaogombania tiketi yake. Hujaapa kukipenda. Umeshika ufunguo wa chumba ambamo uamuzi hufanyika, na hakuna anayekuzuia kuvipigia kura vyama vingine Novemba. Lakini kama eneo lako linashindaniwa kweli, jitoe kwa roho safi.

Kubadili kwenyewe: ingia tovuti ya GoVoteKY, hakikisha jina na anwani vinasomeka kama kwenye leseni yako, badili chama, tuma, kisha hifadhi ukurasa wa uthibitisho. Baada ya wiki mbili rudi uangalie kama daftari limebadilika. Wasiotumia intaneti waende kwa karani wa kaunti au wajaze fomu ya karatasi. Kwenye fomu ya kitaifa ya posta, chama huandikwa katika kisanduku namba 7, na sahihi katika namba 9. Sahihi ikisahaulika, ombi halishughulikiwi.

Kwa wasomaji wa majimbo mengine, tarehe hutofautiana sana. New York mwisho ni Februari 14 kwa mchujo wa Juni. Florida ni siku 29 kabla ya mchujo, Pennsylvania siku 15. Texas, Minnesota na Virginia haziandiki chama kabisa kwenye daftari. Na kila mtu, popote alipo, alitazame daftari tena baada ya kubadili leseni au anwani, kwa sababu taarifa zikiandikwa upya, chama nacho huweza kubadilika bila mwenyewe kujua.

SWALI: Baba yangu alikuja kwa loteri ya green card mwaka 1997. Amevipigia kura vyama vyote na sasa anasema ni baba mmoja mama mmoja. Mimi naona anakosea, ila sina hoja. Nimjibuje bila kumvunjia heshima?
*Binti, Silver Spring, Maryland*

JIBU: Anza kwa kumkubalia, kwa sababu mengi aliyoyaona ni ya kweli. Mlango alioingilia ulifunguliwa na rais wa Republican: loteri hiyo ilitokana na sheria ya uhamiaji iliyotiwa saini na George H. W. Bush mnamo Novemba 29, 1990, yenye viza hadi 55,000 kwa mwaka. Miaka minne nyuma yake, sheria ya Reagan ya 1986 ilikuwa imewahalalisha watu takriban milioni 2.7. Kisha akaja Bill Clinton wa Democratic, na mwaka mmoja tu kabla baba yako hajafika akatia saini sheria mbili nzito. Ile ya Agosti 22, 1996 iliwafanya wengi wenye green card wasubiri miaka 5 kabla ya kupata misaada mikubwa ya serikali kuu. Ile ya Septemba 30 iliweka adhabu ya kutorudi nchini: aliyekaa bila makaratasi zaidi ya siku 180 kisha akaondoka hufungiwa miaka 3, na aliyefikisha mwaka mmoja hufungiwa miaka 10. Kuna mume na mke wa kwetu ambao hadi leo mmoja yuko Mombasa na mwingine yuko Maryland kwa hesabu hiyo ya siku. Sheria zote mbili zilipitishwa na Bunge la Republican na kutiwa saini na rais wa Democratic.

Na vita vya Iraq, Oktoba 2002: Seneti iliidhinisha kwa kura 77 dhidi ya 23, na maseneta 29 kati ya 50 wa Democratic walikubali. Anayesema aliwaona hawa na wale hajasema uongo.

Vyama hivi pia vimehama mahali vilipokuwa. Sheria ya haki za raia ya 1964 ilipopigiwa kura ya mwisho katika Seneti, maseneta wa Republican waliunga mkono 27 kwa 6, wa Democratic 46 kwa 21. Wengi wa waliopinga walikuwa Wademocratic wa Kusini, na miaka iliyofuata wapiga kura weupe wa huko walihamia Republican kidogo kidogo. Mtu aliyekipenda chama kwa kazi ya mwaka fulani akikirudia baada ya miaka arobaini, jina atalikuta, nyumba imehamwa.

Hapo sasa ndipo pa kumpinga kwa adabu. Kufanana katika mambo kadhaa si kufanana katika yote. Sheria ya bima ya afya ya 2010 ilipita katika kura zake za mwisho bila hata kura moja ya Republican, ndani ya Baraza la Wawakilishi na ndani ya Seneti. Marufuku ya kusafiri iliyogusa Wasomali na wengine iliwekwa na Trump Januari 2017, na Biden akaifuta siku aliyoapishwa, Januari 20, 2021. Aliyekuwa na mke Mogadishu miaka ile hakuambiwa na mtu kwamba vyama ni kitu kimoja.

Njia bora zaidi kuliko kubishana ni kukaa naye jioni moja na daftari la shule. Chora safu tatu: jambo, tarehe, kura. Aandike mambo matano yanayoigusa nyumba yake, tuseme bima, kodi, uhamiaji, ada za chuo na vita. Kisha ingieni congress.gov, mtafute jina la mbunge wenu na maseneta wenu wawili, mjaze walivyopiga kura. Angalizo moja: kura ya "ndiyo" kwa mswada mkubwa huweza kuficha mambo ishirini ndani yake, kwa hiyo tafuteni pia kura za marekebisho, maana huko ndiko msimamo wa mtu huonekana. Mkimaliza hamtakuwa tena na vyama viwili mezani, mtakuwa na watu watatu wenye rekodi.

Kuna jambo moja ambalo hatutambishia mzee, nalo ni mipaka ya maeneo ya uchaguzi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Rucho, ilisema mahakama za shirikisho haziwezi kuingilia mipaka iliyochorwa ili kukipendelea chama. Mwaka 2025 Texas ya Republican ilichora ramani upya katikati ya muongo ili kujiongezea viti, na Novemba mwaka huo huo California ya Democratic ikajibu kwa Proposition 50, hoja iliyopigiwa kura na wananchi, iliyoiweka kando ramani ya tume huru ya raia. Tume ile ilikuwa mfano tuliokuwa tukiwaonyesha watu wa majimbo mengine. Kuiona ikiwekwa kando kumetuuma, hata kama tunajua nani alianza.

SWALI: Nilijiondoa Democratic miaka minane iliyopita nikaandika "Independent". Juzi nimeambiwa mimi ni mwanachama wa chama kinachoitwa American Independent. Sijawahi kukisikia. Inakuwaje?
*Dada wa San Diego, California*

JIBU: Umeangukia mtego wa zamani, na si wewe peke yako. American Independent ni chama kamili, kilichoanzishwa 1967 na kumsimamisha George Wallace, mtetezi wa ubaguzi wa rangi, kuwania urais mwaka 1968. Watu wengi wa California wanaotaka kuwa bila chama hulichagua jina hilo kwa sababu ya neno moja.

Kwa California unachokitaka kinaitwa "No Party Preference". Jiandikishe upya kupitia registertovote.ca.gov na uchague hicho. Majimbo mengine yana majina yake: Massachusetts husema "unenrolled", New Hampshire "undeclared", na fomu ya Pennsylvania ina kisanduku cha kutokuwa na chama. Kanuni ya kukulinda ni kusoma neno zima, na ukiona neno "Party" linafuata jina, ujue hicho ni chama.

Kwa nafasi nyingi za California hupotezi kitu, kwa kuwa tangu Proposition 14 ya 2010 wagombea wote huwa kwenye karatasi moja ya mchujo na wawili wa juu ndio hupanda. Urais ni tofauti. Asiye na chama lazima aombe karatasi ya chama kinachomruhusu. Democratic wamekuwa wakiruhusu, Republican hawaruhusu mpaka ujiandikishe kwao. Anayepiga kura kwa posta asipotuma ombi mapema hupokea karatasi isiyo na nafasi ya urais, na wengi hudhani ni kosa la uchapaji.

SWALI: Nikimpigia mgombea wa chama cha tatu au mgombea binafsi, ni kweli nimeitupa kura?
*Kijana wa Houston, Texas*

JIBU: Inategemea unaishi wapi na unapigia nafasi gani. Mwaka 1992 Ross Perot, mgombea urais binafsi, alipata asilimia 18.9 ya kura za nchi nzima, karibu mtu mmoja kati ya watano, na hakupata hata kura moja kati ya 538 za wajumbe wanaomchagua rais. Majimbo 48 humpa aliyeongoza wajumbe wote, hata akiongoza kwa kura moja. Perot alikuwa na watu kila mahali na hakuongoza jimbo lolote. Mwaka 2000 huko Florida, George W. Bush wa Republican alimshinda Al Gore wa Democratic kwa kura 537, na Ralph Nader wa chama cha Green alikuwa na kura 97,488. Baadhi ya waliompigia Nader wangebaki nyumbani, wengine wangempigia Bush, lakini 537 ni idadi ya watu wanaoenea kwenye ukumbi mmoja wa harusi.

Kipimo chetu ni hiki: chukua tofauti ya uchaguzi wa urais uliopita katika jimbo lako. Texas mwaka 2024 ilikuwa zaidi ya pointi 13. Kwa tofauti hiyo, mpigie unayemwamini bila kujilaumu. Wisconsin, Michigan na Pennsylvania mwaka huo zote zilikuwa chini ya pointi 2. Msomaji wa huko afikirie mara mbili yupi anamwogopa zaidi.

Chini ya urais kura yako ya chama cha tatu ina kazi nyingine. Kwa sheria ya Texas, chama hubaki kwenye karatasi ya kura kama mgombea wake wa nafasi yoyote ya jimbo zima alifikisha asilimia 2 katika mojawapo ya chaguzi kuu tano zilizopita. Nafasi ambazo watu huzipita bila kuzisoma ndizo zinazookoa vyama vidogo.

Kama unafikiria kukusanya sahihi za mgombea binafsi, fahamu kinachoziua. Texas 2024 mgombea urais binafsi alihitaji sahihi zaidi ya 113,000, na aliyepiga kura mchujo wa chama mwaka huo haruhusiwi kusaini. Kwa hiyo swali la kwanza mlangoni ni "Ulipiga kura mchujo mwaka huu?" kabla hujatoa kalamu. New York wanataka 45,000 ndani ya wiki sita. Tennessee kwa mgombea urais ni 275 tu. Popote ulipo, kusanya mara moja na nusu ya idadi inayotakiwa, maana sahihi hukataliwa kwa anwani ya zamani, kwa mtu kusaini mara mbili, au kwa jina lisilolingana na daftari. Watu wetu wenye majina matatu huumia sana hapo: daftarini ni Salim Omari, kwenye fomu anaandika Salim Omari Bakari.

Na kuandika jina la mtu kwa mkono? Majimbo mengi hulihesabu pale tu mtu huyo alipojisajili mapema. Nevada, Hawaii, Oklahoma na South Dakota hawapokei kabisa. Nevada wanacho kisanduku cha kuwakataa wagombea wote. Katika mchujo wa Republican wa Februari 2024 kisanduku hicho kilipata kura nyingi kuliko mgombea Nikki Haley. Hata hivyo kikiongoza hakimwondoi mtu: mgombea mwenye kura nyingi chini yake ndiye hutangazwa.

SWALI: Sisi tumetoka Bukavu, tuko Portland, Maine. Tunaambiwa hapa unapanga wagombea 1, 2, 3. Naogopa kuharibu kura. Na je, kunasaidia mtu asiyependa vyama vikubwa?
*Mama wa watoto wanne*

JIBU: Kunasaidia, mama, na kati ya yote tunayoyajibu leo hili ndilo linalotupa matumaini zaidi. Watu wa Maine waliupitisha utaratibu huu kwa kura zao wenyewe Novemba 2016, ukaanza kutumika Juni 2018. Ukimpa chaguo la 1 mgombea wa chama kidogo na akawa wa mwisho, kura yako haifi, inahamia kwa uliyempa la 2. Mwaka 2018 katika eneo la pili la ubunge la Maine, Bruce Poliquin wa Republican aliongoza hesabu ya kwanza bila kufikisha nusu. Kura za wagombea binafsi wawili zilipohamishwa, Jared Golden wa Democratic akashinda.

Karatasi ni jedwali. Majina yako upande wa kushoto, namba juu. Kila safu ya namba jaza duara moja tu, na kila jina lipe namba moja tu. Ukijaza majina mawili chini ya namba 1, kura yako katika nafasi hiyo haitahesabika. Ukimpa mtu yule yule 1, 2 na 3, hujamwongezea kitu, na akitoka kura yako imekwisha. Usimpe namba yoyote yule usiyemtaka kabisa. Ukikosea, rudisha karatasi kwa msimamizi kabla hujaiingiza kwenye mashine, uombe nyingine.

Novemba utaona utaratibu huu kwa rais, seneta na mbunge wa Washington. Kwa gavana hutauona, kwa sababu katiba ya Maine inamtambua mwenye kura nyingi zaidi, na majaji wakuu wa jimbo walitoa maoni mwaka 2017 kwamba kupanga namba kunagongana na maneno hayo.

SWALI: Nina green card miaka mitatu. Nimevichoka vyama hivi hata kabla ya kupiga kura. Naweza kujiandikisha bila chama ili nisubiri?
*Ndugu wa Columbus, Ohio*

JIBU: Hapana, ndugu yetu, na tunakuomba uwaambie wenzako. Asiye raia kupiga kura ya shirikisho ni kosa la jinai na sababu ya kufukuzwa nchini, na kujiandikisha kwa kudai wewe ni raia nako huweza kukuharibia. Hatari iko kwenye dirisha la leseni: karani anauliza haraka kama unataka kujiandikisha, mtu anaitikia kwa adabu, anasaini. Jibu ni "mimi si raia bado", na usisaini karatasi usiyoisoma. Kama uliandikishwa kwa makosa, muone wakili wa uhamiaji kabla hujajaza fomu N-400 ya kuomba uraia. Wakati unasubiri, sheria inakuruhusu kujitolea kwenye kampeni, na kwa kuwa una green card unaweza hata kuchangia fedha.

SWALI: Mume wangu anasema hapigi kura tena mpaka kaburini. Vyama vimemvunja moyo. Nimwache?
*Mama wa Grand Rapids, Michigan*

JIBU: Usimlazimishe kupigia urais. Mwambie jambo ambalo huenda halijui: kuacha nafasi moja wazi hakuharibu karatasi. Anaweza kuiruka ya rais, ya seneta na ya mbunge, akapigia zilizobaki, na zote zitahesabiwa.

Kati ya zilizobaki zipo zisizo na jina la chama. Wajumbe wa bodi ya shule wanaoamua kama mabasi yafike mtaani kwenu, majaji, na maswali ya kodi ya barabara au maktaba. Huko watu wachache hupiga kura na tofauti huwa ndogo. Tafuteni karatasi ya mfano kwenye tovuti ya Michigan Voter Information Center wiki tatu kabla, muichape, mkae nayo mezani, mtafute kila jina moja moja. Aanze kusoma kutoka chini kwenda juu.

Awe makini na kisanduku cha juu kabisa cha kuchagua chama kizima kwa alama moja. Michigan bado wanacho, na hakigusi sehemu isiyo na chama hata kidogo. Anayekijaza akaondoka ameiacha bodi ya shule tupu. Na katika mchujo wa Agosti, ambao Michigan uko wazi, achague safu moja ya chama. Akichanganya safu mbili, kura zote za vyama hufutwa.

Kama anapiga nyumbani, asaini bahasha kwa sahihi anayoitumia kwenye leseni, na ifike kwa karani kabla ya saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Karatasi nyingi zimechapwa pande zote mbili, na shule mara nyingi iko nyuma. Aigeuze.